Gredi, Neno Alilolipenda Baba

Harufu ya tumbaku ya moshi haitoki kwenye nguo. Ufue kwa sabuni, uanike siku mbili, ukivaa tu inarudi. Nilikwenda nayo darasani miaka yote niliyosoma, na haikuwa mingi. Tulikaa kijiji kimoja upande wa Namtumbo, mwanzoni mwa miaka ya ruksa, mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni Songea na kila mtu akataka aonekane wa mjini. Mwaka huo alikuja mteuzi mpya wa kupanga tumbaku, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Wateuzi wa zamani walisema daraja la kwanza, daraja la pili. Yeye alisema gredi. Baba yangu alilisikia neno hilo mara moja tu, akaja nalo nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi.

Kwanza lilikuwa la majani, halafu likawa la kila kitu. Ugali wa mama ukiwa na madonge, gredi ya tatu. Jirani kanunua baiskeli, gredi ya kwanza. Padri akirefusha mahubiri, gredi imeshuka. Watu walicheka, naye akajiona mtu wa maana. Mwisho akatugeukia sisi watoto. Dada yangu Imelda, mwenye mwandiko mzuri, akawa gredi ya kwanza. Mimi akaniambia mbele ya wageni, "Wewe Devota, vidole gredi ya kwanza, kichwa takataka." Vidole alivisifu kwa sababu mimi ndiye niliyechambua tumbaku yake. Nilikaa ndani ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, macho yanawasha kwa moshi, nikishika jani moja moja: lenye mafuta huku, jepesi huku, lililochanika kule. Sikuhitaji hata kuangalia. Msimu huo alisema tumbaku ikipata gredi nzuri tutaendelea na shule wote wawili, ikishindwa mmoja atabaki bani. Hakutaja jina. Hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo nilichambua kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchele. Asubuhi ya kufunga marobota, baba akaja na fungu zima la majani yaliyoota ukungu. "Yaingize katikati."

"Baba, yataonekana."

"Nani ataona katikati ya robota, we mtoto? Ingiza."

Nikaingiza. Ningefanya nini?

Siku ya soko, yule mteuzi alizamisha mkono kwenye robota letu mpaka kwenye kiwiko, akachomoa majani yaleyale, akayanusa, akayatupa chini. Marobota yetu yote yakawekwa pembeni pamoja na yaliyokataliwa. "Mzee, nani amekuchambulia hii?" Baba hakuchelewa. "Huyu hapa. Si nasema kila siku, kichwa chake takataka?" Watu wakacheka. Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Na wewe nawe, unamwachia mtoto tumbaku." Nilimtazama baba usoni. Yeye alikuwa anatazama kalamu za mteuzi. Jumatatu Imelda akaenda shule, mimi nikaenda bani. Nilikuwa darasa la tano. Mama nilimweleza yote, akanijibu, "Nyamaza, baba yako ana hasira." Hasira za kwangu hakuna aliyeziuliza, nikabaki nazo. Ninazo hadi leo.

Sasa baba ni mzee, anakaa kwangu hapa Bombambili, Songea mjini. Namwogesha, nampikia uji. Majirani husema nina moyo mzuri. Sina. Nina kazi ya kufanya, naifanya. Mwezi uliopita mjukuu wangu alirudi na ripoti ya shule, na baba akanyoosha mkono pale barazani. "Lete nione gredi." Nikaichukua karatasi kwa mtoto, nikaikunja, nikaifunga kwenye pindo la khanga.

"Baba, yale majani ya ukungu, nani alisema yaingie katikati?"

Akageuza uso barabarani, bodaboda zinapita. "Mambo ya zamani hayo, mama."

"Basi na gredi nazo za zamani."

Nikamwambia mtoto aingie ndani akale. Amefanya vizuri, na ameshaambiwa hivyo na mimi, bila neno lile. Karatasi iko kabatini. Baba huiulizia kila nikimpelekea uji, nami namwekea bakuli karibu, nakoroga upoe, namjibu yaleyale: sema kwanza nani alisema yaingie.