Siku Wanawake Walipochunga

Juzi nilirudi kwetu, mwendo wa asubuhi moja kutoka Gulwe, nikakuta palipokuwa na tembe la shule pamelimwa mtama. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, mpaka mjukuu wangu akadhani jua limenizidi.

Mwenzangu, enzi za Mjerumani mwalimu wetu ndiye aliyekuwa mkuu wa shule, na Jumapili ndiye aliyetuhubiria. Alipenda kusema kwamba Mungu alizisikia ngoma za Wagogo kabla ya kengele ya misheni. Wazungu wa misheni hawakufurahi hata kidogo. Basi ikaja habari kwamba Bwana Shauri, yule afisa wa Kijerumani, anakuja kukagua. Akikuta darasa tupu, shule inafungwa. Na lilikuwa tupu kweli! Watoto wote tulikuwa porini na mifugo. Mimi nililia sana, maana nilikuwa nimefika nusu ya herufi, na shule ikifungwa nilikuwa wa kuolewa tu.

Mwalimu akaja kwa bibi yangu, akala ugali wa uwele kwa mlenda mpaka akalamba vidole. Ndipo akaomba: siku ya ukaguzi wanawake wafanye ile mila yao ya kufukuza maradhi ya ng'ombe, wavae nguo za wanaume, washike mikuki, wachunge wao.

"Kwani ng'ombe wanaumwa?" bibi akauliza.

"Hapana, bibi. Inayoumwa ni shule."

Bibi alicheka hadi ugoro ukamwagika. Akakubali.

Siku ilipofika tulijaa darasani. Lakini lo, mwalimu alisahau jambo moja! Siku ya mila ile, mwanaume akikutwa njiani hutimuliwa kwa fimbo, na Bwana Shauri hakuambiwa. Tukasikia vigelegele, mara mlango ukasukumwa: Mzungu anahema, kofia hana, askari wake keshajibanza nyuma ya ubao. Nje alisimama bibi, kavaa mgolole wa babu, anafoka.

"Kaa humu, bwana," mwalimu akasema kwa upole. "Wanawake hawa darasani hawaingii. Ila njia haifunguki mpaka ng'ombe warudi."

Akakaa kutwa nzima. Tulimsomea yote tuliyoyajua, tukarudia, na mara ya tatu akawa anaimba nasi. Jioni akaandika kwamba shule ibaki.

Mwalimu alichukuliwa upagazi wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, hakurudi. Juzi nilimcheka Mzungu yule, lakini mila yenyewe siicheki tena nikiikumbuka. Bibi alichunga juani siku ile ili mimi nisome, akafa bila kuijua hata herufi moja. Nami nilikuwa nazijua zote, na sikuwahi kumfundisha hata kuandika jina lake.