Mkono wa Kushoto

Kwa miaka thelathini na moja Sevasti alichambua sifongo mjini Pothia, kisiwani Kalymnos, na katika miaka yote hiyo hakumwamini mtu hata mmoja. Muuza samaki ilibidi ampimie mara mbili. Hata padri, Sevasti alimchunguza kwanza kama amefunga kweli. Ila vidole vyake mwenyewe aliviamini, na vidole havikuwa na tabia ya kumwangusha.

Kwenye meza yake mbele ya ghala kulikuwa na vikapu vinne, kila aina na kikapu chake: ile laini ya kuogeshea watoto wachanga, ile ya matundu makubwa kama sega la nyuki, ile ngumu kidogo yenye umbo la kikombe, na ile bapa inayoitwa sikio la tembo. Alikuwa akifumba macho, akiibinya sifongo, akiitupa, wala haikukosea kikapu. Mtaalamu mmoja kutoka Athens alikuja kumtazama akabaki mdomo wazi. Akamwambia kwamba duniani kuna maelfu ya aina, nyingi zina miiba midogo ndani kama ya kioo, na chache tu kama hizi zina nyuzi laini zinazofaa kuogea.

"Na ujue, Bi Sevasti, huyu ni mnyama," alisema. "Hana moyo, hana ubongo, hana damu. Kazi yake kunyonya maji kwa vitundu vidogo na kuyatoa kwa tundu kubwa."

"Manahodha wa hapa wako hivyo hivyo," Sevasti akamjibu, "ila wao hawanyonyi maji."

Jambo moja hakumweleza, maana hakumwamini. Kila sifongo huja na alama ya aliyeikata. Mzamiaji wa mkono wa kulia huacha kitako, pale ilipokatwa, kimeinamia upande mmoja, wa kushoto huacha kilichoinamia upande wa pili. Na Kalymnos nzima, kati ya wazamiaji wote aliowajua, mwenye kukata kwa kushoto alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mumewe, Nomikos.

Basi asubuhi moja ya Juni, mwaka wa themanini na tano, katika mzigo wa mashua ya Nahodha Skevos, vidole vyake vikakuta kitako kilichoinamia kushoto. Akafumbua macho. Akachakura kikapu, akapata nyingine saba.

Nomikos alikuwa na miaka sita hajazamia. Hewa ya kina ilimpiga alipopanda juu kwa haraka, ikamwacha na miguu isiyotii, akawa mtu wa fimbo mbili. Daktari alisema akishuka tena mara moja, atapandishwa maiti. Lakini wake wote wa kisiwa hicho wanajua ugonjwa wa waume zao: nchi kavu ni vilema, chini ya maji miguu inakuwa myepesi nao wanatembea kama vijana. Wangapi wamerudi baharini kwa siri, wakazikwa hadharani!

Sevasti alirudi nyumbani mchana akaenda moja kwa moja kwenye sanduku. Vazi la mpira la mumewe lilikuwemo, kavu. Kisu chake hakikuwemo.

"Kisu kiko wapi?"

"Kisu gani?" Nomikos aliuliza bila kuinua uso. Alikuwa analoweka mkate mkavu wa shayiri kwa ajili ya saladi.

"Kisu chako cha sifongo. Usinifanye mtoto."

"Aa, kile? Nilimpa mtu mkahawani. Cha nini mimi?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu, mama wee! Umekuwa polisi?"

Sevasti akainama akamnusa nywele, mbele na nyuma. Zilinuka tumbaku. Hakuridhika. Mtu anaweza kuvuta tumbaku juu ya chumvi.

Kesho yake aliacha kazi akamfuata, akijibanza nyuma ya nyavu zilizoanikwa. Nomikos alijikokota hadi mkahawani, akaketi, akaagiza kahawa, akacheza karata mpaka adhuhuri huku akiwatukana wenzake. Hakugusa hata ukingo wa bahari. Sevasti akarudi kazini akiwa na aibu kidogo, akakuta mzigo mpya wa Skevos, wa asubuhi ile ile. Ndani yake vitako vitano vimeinamia kushoto.

Hapo ndipo alipoviangalia vizuri. Hofu ilikuwa imemwonyesha mwinamo tu, ikamficha mengine. Vitako hivi vilikuwa na vijiwe vya rangi ya waridi vimeng'ang'ania. Aliyekata alikuwa amekata mpaka kwenye mwamba, akang'oa na shina. Nomikos hakuwahi kumletea jiwe maishani mwake. Sifongo ikiachiwa shina huota tena, baada ya miaka michache unarudi kuvuna palepale; mwenye kung'oa shina amejichimbia njaa. Mkono ulikuwa wa kushoto, ila haukuwa wake.

Wa nani, basi?

Jumapili walikaa mezani watu watatu. Themelina, binti yao wa miaka ishirini na miwili, alikuwa na mapumziko ya kazi kutoka hoteli ya Telendos, kisiwa cha ng'ambo, alikosema anafua mashuka tangu majira ya machipuko. Kila jioni alirudi na chumvi kwenye nywele. Naye akivuka kwa mashua, nani angeuliza? Themelina akavuta mkate, akaushika kwa kulia, akaukata kwa kushoto, akaushindilia kisu mpaka kikagonga ubao.

Sevasti akatazama mkato wa mkate ulivyoinamia kushoto. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Mikono ya mfua mashuka huwa laini kwa sabuni," alisema polepole. "Nionyeshe yako."

Themelina akaficha mikono chini ya meza. Uso ukamwiva.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka, mama. Skevos ananishusha mita kumi na tano tu. Naapa."

"Kesho huendi."

"Nitakwenda."

"Huendi! Sina mwingine! Nimemvalisha soksi baba yako miaka sita, nikuvalishe na wewe?"

Nomikos akasogeza kiti. Akanyoosha mkono, akalaza vidole viwili juu ya ubao, kando ya kisu.

"Nimekwambia mara ngapi?" alimwambia binti yake. "Vidole viwili. Siku zote acha shina la vidole viwili."

Sevasti akageuka. "Wewe ulijua."

"Kisu nilimpa mimi."

"Nikakunusa kichwa kama mbwa, ukakaa kimya!"

"Ningekwambia ungemzuia," alisema Nomikos. "Na mimi, aliyenizuia nisirudi baharini ni nani?"

Sevasti akainuka. Aliondoa sahani kabla hazijaisha chakula, na kwa siku mbili hakusema na yeyote ndani ya nyumba ile.

Jumatano mzigo wa Skevos ulipoletwa, hakuchambua kwa aina. Alizipindua zote, moja moja, akitafuta vitako. Kulia, kulia, kulia. Chini kabisa ya kapu akaipata: imeinamia kushoto, safi, haina jiwe hata moja. Aliishikilia muda mrefu. Hii ilimaanisha kwamba leo asubuhi mwanawe alikuwa hai, na kesho itabidi atafute tena.