Fundi Viatu Anayeshikilia Sauti ya Tatu

Saa tatu asubuhi, Eulogio Barrientos ameinamia buti la mchunga kondoo, misumari midogo imebanwa midomoni. Hawezi kuimba hivyo, basi anaguna noti moja ndefu, isiyopanda wala kushuka, mpaka uso unamwiva.

"Leo umefika wapi, baba?" anauliza Nieves, mke wa mwanawe, akifungua dirisha la kibanda.

"Katikati ya 'Bwana utuhurumie'. Pumzi imeniacha njiani."

Fundi huyu wa miaka 71 ndiye sauti ya tatu katika Misa ya kale ya Torrecasta, iliyotungwa hapa kaskazini mwa Hispania zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Haina kinanda. Kati ya sauti nne, tatu zinafukuzana, moja ikidaka neno kabla nyingine haijalimaliza. Yake, ya tatu, haifukuzi mtu. Imeshikilia wimbo wa zamani, noti moja moja, na wenzake wanauzunguka.

"Zamani tulikuwa kumi na wawili, tunasukumana kukiona kitabu," anakumbuka. Kitabu chenyewe ni kimoja, cha ngozi, kikubwa kama mlango wa kabati. Siku hizo alikarabati viatu jozi thelathini kwa siku. Leo zikifika nne anashukuru, na waimbaji wamebaki wanne.

Gundi ya miaka mingi imemchosha mapafu, na daktari amemkataza kuimba. Misa isipoimbwa Agosti 15, sikukuu ya Bikira Maria, kitabu kinahamishiwa makumbusho ya mkoa. Zimebaki wiki tano.

Wanaume watatu wamejaribu nafasi yake, wote wakakosea vilevile: walisikia wenzao wakikimbia, nao wakakimbia. Ndipo akamgeukia Nieves, karani wa duka la vyakula, mwenye sauti nzito. Anamfundisha kwa uzi wa kushonea, uliopakwa nta.

"Vuta polepole. Noti haiishi mpaka uzi uishe."

"Na ukikatika?"

"Umevuta kwa hasira. Anza upya."

"Ungekuwa mwalimu wa shule, watoto wangehama mji."

Mzee anacheka mpaka anakohoa.

Mwoka mikate Crisanto, sauti ya nne, hakutaka mwanamke pale. Ijumaa iliyopita, mazoezini, Nieves alishikilia noti zake mpaka mwisho. Aliyepotea ni Crisanto.

"Nilikuwa na mafua," anajitetea.

Eulogio ana mpango mmoja kwa sikukuu: kukaa kwenye benchi la kanisa na kusikiliza. Marehemu mkewe, Casilda, alikaa upande wa kushoto kila mwaka, akarudi nyumbani macho mekundu.

"Nilimuuliza analia nini. Akasema, njoo ukae huku usikie. Ningekaaje, na mimi ndiye niliyeishikilia sauti ya tatu?" Anafuta mikono kwenye aproni. "Miaka arobaini na sita nimeiimba Misa hii. Sijaisikia hata siku moja."