Kikombe cha Njano Nilichompelekea Mama Mkwe

Nichekeni kwanza, kisha mnihukumu. Kosa ni langu mwenyewe, mfinyanzi wa Wanyange hapa Jinja, mwenye mdomo mrefu kuliko akili.

Kazi nilifundishwa Mbale na mama mmoja mkali. Chombo chochote cha rangi ya kung'aa, alisema, kitie maji ya ndimu kilale nayo. Asubuhi ukikuta rangi imepauka, hicho ni cha maua, si cha kinywa cha mtu. Mimi nikamwona mshamba! Sikio la kufa halisikii dawa.

Niliporudi Jinja nikawa nasaga madini ya betri kuukuu za magari, nachanganya na rangi. Tanuri langu la kuni halina moto wa maana, na hayo madini huyeyuka upesi. Vikombe vikatoka vya njano, vinang'aa kama kiini cha yai. Ndimu ya nini tena, na wateja wanagombania?

Kimoja nikampelekea mama mkwe, kijijini Budondo. Sikumpa mkononi, la hasha. Kwetu Basoga mkwe hamgusi mama mkwe. Ukimgusa, wanasema, ugonjwa wa kutetemeka mikono unaingia nyumbani. Aliyempa ni mke wangu. Mama akakipenda, kila asubuhi chai ya ndimu humo humo, na majirani wakachoshwa na sifa za mkwe fundi.

Miezi ikapita. Akaja mteja kutoka Nkoma, kule Mbale, askari magereza mstaafu, na kikombe changu mkononi. Ndani kimekuwa cheupe.

"Fundi," akasema, "hii rangi yako mimi nakunywa yote. Sasa iko wapi? Iko kwa tumbo yangu."

Nikamwambia pole, afande, nikampa kingine cha udongo mtupu. Tangu siku hiyo sikuigusa tena ile rangi. Na Budondo? Nikanyamaza! Nilikuwa nimejisifu mno. Nikajificha nyuma ya mila, eti mkwe haongei na mama mkwe, kana kwamba sina mke wa kumtuma.

Mwaka haukuisha, mama akaanza kutetemeka mikono, na tumbo linamkata. Kijiji kizima kikapata jibu: mkwe amemgusa. Wajomba wa mke wangu wakatuita Budondo. Nikaenda kifua mbele, maana kwa hilo nilikuwa safi. Nikaapa sijamgusa hata kwa kidole, nao wakaniamini.

Mama, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumba cha ndani, alifurahi. Akaagiza nipewe chai katika kikombe chake mwenyewe, kwa heshima.

Mke wangu akakileta. Kipande cha ndimu kinaelea, na ndani njano yote imekwisha.

"Kunywa," akasema. "Mama amekupa chake."

Nikakishika, nikakitazama, nikakirudisha mezani. Nikasema sina kiu. Mke wangu akakitazama kikombe, halafu akanitazama mimi.

"Ulijua," akasema.

Hospitalini walisema ni sumu ya risasi, yale yale madini ya betri. Mama bado anatetemeka, kikombe cha plastiki anakishika kwa mikono miwili. Mke wangu amebaki kwao, anamlisha. Mimi niko Wanyange na vyungu vyangu, na aibu yangu.

Wafinyanzi wenzangu, ndimu moja haiwashindi. Na ukijua umekosea, sema siku hiyo hiyo, hata kwa kumtuma mtu. Mimi niliapa mbele ya wajomba kwamba sijamgusa mama mkwe, kumbe nilimgusa kila asubuhi.