Nyota Waliyoipa Buterere

Jumamosi, tarehe 12 mwezi wa tatu, 2005. Mvua ilianza alfajiri, ikapiga mpaka baada ya saa sita mchana, na huku kwetu Buterere, bondeni pembeni mwa mji, maji yaliingia jikoni bila kubisha hodi.

Ninaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nitakwenda polepole. Mwenye hasira huongeza chumvi, na mimi shule yangu iliishia darasa la saba. Sina hakika hata na koma zangu.

Kazi yangu ni kupokea wateja kwenye nyumba moja ya enternet mjini. Mashine zikikaa bure, patron, mwenye kazi, ananiruhusu kutumia moja. Ndivyo nilivyoingia kwenye ile ensiklopedia ya Kifaransa inayoandikwa na yeyote anayetaka, bila mshahara. Nilianza kwa kusahihisha vitu vidogo. Baadaye nikajua kwamba waandishi wenyewe ndio wapimaji. Makala fupi isiyo na vyanzo inaitwa mchoro tu. Ikikua inaitwa nzuri. Ile inayopita zote inajadiliwa mbele ya watu, inapigiwa kura, inapewa nyota. Na mimi nimeshapima. Makala ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, niliipigia kura ya kukataa, ingawa niliisoma mate yakinitoka, kwa sababu mwandishi hakusema habari zake kazitoa wapi. Kwa hiyo kanuni ninaijua, na nimewachapa wengine nayo.

Sasa ikaja zamu ya makala ya Buterere. Aliyeiandika yuko Ulaya na mwenyewe alisema hajawahi kufika. Sitamdharau kwa hilo. Mashamba ya mpunga, mitaro, mafuriko, vyote alivieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Lakini katikati kuna sentensi moja: kwamba wakati wa vita, usiku ule mtaa wetu uliposhambuliwa, wakazi wa uchochoro wetu ndio waliowaonyesha washambuliaji njia. Mwisho wa sentensi kuna namba ndogo, na namba inakupeleka kwenye gazeti.

Uchochoro wetu una nyumba chache. Njia yenyewe inapita uani kwa jirani yangu, mzee mkulima wa mpunga anayeishi peke yake. Ukisema wakazi, umemtaja yeye.

Wiki iliyopita alikuja mtu wa shirika la msaada kuandika watakaopata shitingi, yale maturubai ya plastiki ya kufunika mapaa. Mkononi alikuwa na ukurasa ule umechapishwa. Akamwuliza mzee, kwa adabu, kama uchochoro wenyewe ndio huu. Mzee akakubali. Yule mtu akafunga begi lake akaenda bila kumwandika, sisi na wengine akatuandika. Labda alikuwa na sababu nyingine. Ninasema labda kwa sababu sikuingia moyoni mwake. Hajarudi.

Nikaandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba sentensi ile iondolewe kabla ya kura. Mpimaji mmoja, mzoefu wa miaka, alinijibu upesi na kwa heshima. Akaniuliza: usiku ule ulikuwepo, uliona kwa macho yako?

Ningeweza kuandika ndiyo. Nani angejua? Nikaandika hapana. Usiku ule nilikuwa nimelala kwa dada yangu, mtaa wa Kinanira, pamoja na mapacha wangu, nikizisikia risasi za huku bondeni nikiwa juu kule mlimani. Mpimaji akanishukuru kwa kusema kweli, kisha akaandika kwamba basi neno langu si chanzo. Na hata kama ningeona, lisingekuwa chanzo. Sasa aliniulizia nini?

Leo asubuhi nilirudi kwenye ukurasa ule, Kifaransa kinapinda. Nikaandika: "Bwana, mimi umeniuliza kama niliona. Yule wa gazeti, ulimwuliza?"

Nikapokea wateja wawili. Kisha akajibu kwamba swali ni la haki. Alisoma tena habari ile, na kweli gazeti halikusema ni nani aliyeona. Kwa hiyo sentensi itabaki, ila ataongeza maneno. Wengine nao wakapiga kura: vyanzo vingi, lugha safi, picha nzuri. Mmoja akayasifu hata majadiliano yetu. Aliyekataa nilikuwa mimi peke yangu. Saa tisa nyota ilikuwa pale juu, inang'aa.

Na kinachonichoma ni kwamba kwa kanuni zetu inastahili. Ningekuwa mgeni, hata mimi ningeipa. Tunapima kama kila sentensi ina namba yake. Hakuna anayepima sentensi imemwangukia nani.

Niliporudi, mzee alikuwa mlangoni kwetu, suruali ameikunja hadi magotini.

"Mama mapacha, wamesema nini?"

Nikamwambia wameipa nyota, na sentensi imebaki, lakini sasa inaanza na maneno "kwa mujibu wa gazeti moja".

Akayatafuna maneno hayo. "Kumbe mi ni musaliti wa gazeti moja tu. Mengine yamenisamehe."

Mume wangu akacheka, kisha akaona haya. Mzee akauliza kama nilimwambia yule mutu wa enternet kwamba njia ile kila mutu anaijua, hata ng'ombe. Nikasema nilimwambia, naye akataka chanzo.

"Basi aulize ng'ombe." Kisha akainamisha kichwa. "Na wale wa shitingi wakirudi, niseme nakaa wapi?"

Mume wangu akasema aseme anakaa kwetu, tumwandikishe kama mtu wa nyumba hii. Nikaona aibu, maana wiki hii nzima nimekataa kuongopa, na sasa uongo umeingia ndani kwangu kama yale maji. Nikasema tukimwandika kwetu, basi ale kwetu, leo na kila siku, ili liwe neno la kweli.

"Na mukeka wa kulala?" mzee akauliza.

"Na mukeka," nikasema.

Akaenda kuleta mchele wake kabla mvua haijarudi na paa kuulowesha wote. Tukapikia sebuleni, jiko likiwa juu ya matofali. Tulikula wali wa Buterere, maharage, na ndagala kidogo zilizobaki za jana.