Mkono na Kikombe: Mlinzi wa Kamera Adai Jina la Bintiye

Haya aliyasema Millicent Kioko mwenyewe, Ijumaa iliyopita saa tatu asubuhi, akiwa ndani ya gari la mumewe lililoegeshwa nje ya nyumba yao mtaani Muaither, katika nchi ya Kiarabu wanakofanya kazi. Hakuwa na safari. Alikuwa amejifukuza nyumbani.

"Niko hapa mpaka mtoto amalize," anasema, sare ya ulinzi bado mwilini. "Hata choo siendi."

Ndani, bintiye Chelsea, mwenye miaka kumi na saba, anafanya mtihani wa takwimu kwa kompyuta. Ni mtihani wa chuo, ingawa Chelsea bado yuko sekondari. Kuna chuo kimoja cha ng'ambo kinachowafundisha wa rika lake mtandaoni. Akifaulu, somo linawekwa akiba, na siku atakapoingia chuo halisomi tena wala halilipii. Mawili ameshayapita. Hili la tatu analirudia, kwa kosa lisilo lake.

Millicent, 42, mzaliwa wa Machakos, hutazama kamera za ulinzi katika jengo moja la makazi huko The Pearl, mtaa wa matajiri. Zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, skrini ishirini na nne, riyali 2,300 kwa mwezi. Kila somo la Chelsea ni riyali 700.

"Kodi analipa baba yake. Masomo ni mimi," anasema. "Silalamiki. Nalalamikia kingine kabisa."

Wiki tatu zilizopita alitoka zamu ya usiku akakuta mtihani umeanza. Masharti yalijulikana: mwanafunzi awe peke yake chumbani, kamera ya kompyuta ikimtazama tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini Chelsea hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake. Na Millicent alikuwa na kikombe cha karak mkononi, chai ya maziwa yenye moto wake, aliyoinunua njiani.

Akasimama mlangoni, akapima kwa macho kama apimavyo kazini. Kamera iko juu ya skrini. Kitanda kiko kushoto. Chini ya meza haioni.

"Kila kamera ina mahali isipoona," anasema. "Miaka tisa nakula kwa kujua hilo."

Akavua viatu, akalala kifudifudi, akatambaa kwenye zulia, mama mzima, kikombe mbele kama mtu anayevusha yai. Alipofika mezani akainua mkono, akakitua.

"Chelsea akanitolea macho. Akanong'ona, 'Mama, toka!' Basi, hapo ndipo tulipokwisha."

Kamera ilikuwa imeuona mkono. Kompyuta ikausikia mnong'ono. Mtihani ukajifunga wenyewe.

Jumapili barua ikaingia. Mtihani umefutwa. Mwanafunzi amesaidiwa na mtu wa pili. Jina lake limetiwa kwenye orodha ya waliodanganya, na chuo chochote atakachoomba kitaiona orodha hiyo.

 Siku ya tatu Chelsea akamwambia mama yake: "Unalinda matajiri wote wa Pearl, Mama. Mimi ulishindwa kuniacha saa moja tu?"

Mumewe, Augustine, fundi wa viyoyozi, alijaribu kupoza mambo. "Mama Chelsea, mwizi wa kuku anatambaa vizuri kukushinda." 

Kosa lake Millicent halikani. Kinachomchemsha damu ni ile barua.

"Kazini nikiona mtu amebeba televisheni, siandiki mwizi," anasema, akiupiga usukani kofi. "Naandika: mwanamume, shati jeupe, amebeba televisheni, lifti ya tatu. Basi! Huenda ni yake. Huenda anahama. Nikiandika mwizi bila kuuliza, siku hiyo hiyo narudishwa Machakos. Hawa wameona mkono na kikombe, wakaandika mdanganyifu. Nani aliwafunza kazi?"

Akafanya anachokijua. Akakaa chini akaandika ripoti ya tukio, ukurasa na nusu, kama ya zamu, Chelsea akimsaidia Kiingereza. Saa mbili na dakika arobaini na moja, mkono waingia. Arobaini na mbili, kikombe chatua. Hakuna karatasi. Hakuna simu. Maneno yaliyosemwa: mawili. Mwishoni akadai binadamu aitazame picha yote, si kipande.

Siku nane baadaye wakajibu: arudie mtihani. Samahani, hakuna. Na jina? Litabaki kwenye orodha mpaka kamati iketi. Kamati itaketi lini, barua haikusema.

Saa nne kasoro mlango unafunguliwa. Chelsea anatoka pekupeku, anakimbilia gari.

"Themanini na nane!"

Augustine, aliyeketi kando ya mkewe garini muda wote, ananyosha mkono na kupiga honi mpaka jirani anachungulia. Millicent anamshika binti mashavu yote mawili. Kisha anauliza, "Na lile jina?"

"Bado liko, Mama. Nimeangalia."

"Alama wametoa, jina wamelikalia," anasema Millicent. Furaha imeshamtoka usoni. "Wewe utaomba chuo Januari. Sasa watatoa nini kwanza, maelezo au samahani?"

"Mama, kwani wewe hulali? Si usiku una zamu?"

"Nitalala. Ingia ndani ule."

Mpango wake ni mmoja: kabla ya Januari jina liwe safi, Chelsea aingie chuo masomo matatu akiwa ameyamaliza, bila mtu kumtazama kwa jicho la pembeni. Wakikaa kimya, ataandika kila wiki.

Chelsea alikula, akajitupa kitandani, usingizi ukamchukua. Augustine akafuata, akikoroma. Millicent akaketi kwenye meza ile ile, akaandika tarehe, saa, na mstari wa kwanza wa ripoti ya pili: Mwanafunzi, miaka kumi na saba, amefanya mtihani wake peke yake. Akausoma mara mbili, akaupigia mstari chini kwa nguvu hadi karatasi ikachanika kidogo. Saa sita mchana akalaza kichwa juu ya mkono, naye akalala.