Ukuta wa Marehemu Hautoi Maji

Siku ya kwanza kumwona Mama Clotilde alikuwa uani kwake, mtaa wa Naviundu, analinda kamba ya nguo. Vitenge vya wax vilining'inia pale, vingine bado na karatasi ya dukani. Havikuwa vimefuliwa, maana havikuwa vimevaliwa. Vilitolewa kupata jua, kama wagonjwa. Mimi nilikuja kuuliza chumba cha kupanga.

"Pita mbali, baba," akasema. "Unabifunikia jua."

Chumba nikapewa. Mimi si mtu wa maneno, na yeye, mjane wa Kikasai aliyeuza mawese sokoni, alikuwa na maneno ya kututosha wote wawili.

Vitenge vyake vilikaa katika kabati kubwa lenye kioo, lililobanwa ukutani hata mende hakupata njia. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na bafu. Ukuta wenyewe aliujenga mume wake, marehemu Aaron, karani wa ofisi aliyejifundisha uashi siku za Jumamosi. Ulionekana kweli ni wa Jumamosi.

Kila msimu wa mvua kuvu iliota mle kabatini. Mama Clotilde alipigana nayo kwa akili nyingi. Alitia naftalini. Akanyunyiza manukato, na kuvu ikaanza kunukia harusi. Mwishoni akafunika kabati lote kwa plastiki, unyevu usiingie. Unyevu ulikuwa ndani tayari, ukashukuru kufungiwa mlango. Lawama alimpa seremala wa mtaa wa Annexe aliyelitengeneza kabati, akaipa mvua, na siku moja akalaumu pumzi yangu.

Mwezi wa kumi na moja, wakwe walileta mahari ya binti yake, Abigaël, na mama akapewa kitenge chake, wax ya bei kali, rangi ya maziwa na dhahabu. Kitenge hicho mama wa bibi harusi hukishona na kukivaa siku ya ndoa, wakwe wakione mwilini mwake. Asipokivaa, ndugu za bwana harusi watasema amewadharau. Ndoa ilikuwa baada ya Pasaka. Mama Clotilde akakificha mahali salama kuliko pote: mle kabatini.

Nikajikaza.

"Mama, tusogeze kabati kidogo. Labda ukuta unatoa maji."

"Baba Kunda, weye unasemaka mara moja kwa mwaka, na hiyo mara moja unatukana bwana yangu? Ile ukuta njo Aaron alijenga na mikono yake. Haiwezi kutoa maji."

"Haiwezi, Mama," nikasema, nikarudi kwangu.

Wiki ya ndoa alifungua plastiki. Kitenge kilikuwa kimeota madoa meusi toka pindo hadi pindo. Alikifua, akakianika, madoa yakang'aa zaidi. Djamila, fundi wa kushona, alikitazama kwa heshima.

"Mama, haya maua ni ya kiwanda ao ya nyumba?"

"Shona tu, mwanangu."

Djamila akapeleka madoa mabaya mgongoni. Basi kwenye sherehe Mama Clotilde alikaa ameegemea kiti kama aliyepigiliwa misumari, na watu wakasifu utulivu wake. Ndipo shangazi wa bwana harusi akamshika mkono, akamvuta kucheza. Akageuka. Shangazi akaona.

"Mama, sisi tulikupa kitenge ya namna hii?"

Muziki uliendelea. Nilimwona akitafuta seremala, akitafuta mvua. Hata mimi alinitazama kidogo.

"Mulinipa mupya," akasema. "Ukuta ya nyumba yangu njo iliikula. Inatoa maji."

Shangazi akacheka, akamkumbatia, wakacheza.

Kesho yake aliniita tuvute kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi, na alipougusa, plasta ikabaki mkononi mwake. Baadaye Abigaël akaja kumchukua aende kukaa naye Kolwezi, na nyumba nikaachiwa mimi niiangalie. Vitenge vilipakiwa kwanza, yeye baadaye. Gari ilipowashwa, akateremsha kioo.

"Ile ukuta utaibomoa, Baba Kunda," akasema. "Lakini polepole. Alichokaka sana kuijenga."